Kadi ya Gari Haitoshi Kuagizia Breki za Land Rover ya Zamani

Mteja anayetuambia kwamba anatafuta silinda za magurudumu (zile zinazosukuma viatu vya breki vibane dramu) za Land Rover Series III huwa ametupa nusu tu ya habari tunayoihitaji. Toleo hilo lilitengenezwa tangu 1971 hadi 1985, kwa chasisi fupi ya inchi 88 na ndefu ya inchi 109, na breki zake hazifanani: fupi kwa kawaida ina dramu za inchi 10, ilhali ndefu ina za inchi 11, na kila gurudumu lake la mbele lina silinda mbili badala ya moja.

Hapa Arusha tatizo huongezeka, kwa kuwa gari lililokaa barabarani miaka hamsini limepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja alifunga alichokipata. Tuliwahi kupokea gari la inchi 88 ambalo kadi yake haikuwa na kasoro, lakini ekseli yake ya mbele ilikuwa imetolewa kwenye 109. Tuliagiza viatu vya inchi 10 kutoka Uingereza kwa kuiamini kadi, vikagoma kuingia, na nauli ya mzigo tukailipa wenyewe. Tangu siku hiyo hatuagizi chochote kabla dramu haijavuliwa na kupimwa ndani.

Silinda ndiyo inayodanganya kuliko vyote, kwa sababu mbili za vipimo tofauti zinaweza kufanana kwa nje hadi kwenye tundu za bolti. Kipenyo cha ndani cha silinda ya gurudumu moja kikitoka inchi 1, yaani milimita 25.4, kikafika inchi 1⅛, eneo la pistoni huongezeka kwa takriban asilimia 27. Gurudumu hilo hubanwa kwa nguvu zaidi kuliko la upande wa pili, na dereva akikanyaga breki ghafla gari huvuta upande mmoja. Hivyo tunapima silinda zote mbili za ekseli moja, hata kama ni moja tu inayovuja.

Jambo la pili ni hesi, yaani mikato ya kukazia ya nati na tundu. Nati nyingi za paipu za breki za magari haya ni za inchi ⅜, zenye hesi 24 kwa inchi, lakini baadhi ya mipira ya breki na silinda zinazouzwa sasa zimekatwa kwa kipimo cha M10, yaani milimita 10. Nati ya inchi ⅜ ina unene wa milimita 9.5 tu, kwa hiyo huingia katika tundu la M10 kwa mkono bila ubishi, hukaza kidogo, kisha huachia pale presha inapopanda. Fundi anayesema "imeingia vizuri sana" anatutia wasiwasi kuliko anayelalamika.

Dramu iliyokwisha kukerezwa, yaani kuchongwa ndani hadi ikapanuka, nayo itajwe mapema, kwa kuwa kiatu kipya huigusa katikati tu hadi kikae sawa. Vumbi lililomo ndani lisipulizwe kwa kompresa, maana lainingi (bitana za viatu) za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake ni hatari kuvutwa. Lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Tunachoomba kwa mteja ni vipuri vilivyotolewa, hata kama vimeshika kutu au vimepasuka, pamoja na namba ya chasisi. Aliye mbali atutumie picha ya silinda ikiwa kando ya rula, na nyingine inayoonyesha hesi kwa karibu.