Tarehe ya mwisho itajwe tamthilia ikiwa bado inapendwa

Mhariri,

Kila tamthilia ya jioni inapokaribia kuisha, zinakuja barua za aina mbili. Kuna wanaoomba iongezwe hata miezi mitatu tu, na kuna wanaolalamika kwamba ilipaswa kuisha mwaka jana. Mara nyingi wanazungumzia tamthilia ileile, na wote wanamtupia lawama mwandishi. Kwa sisi tunaokaa kwenye chumba cha waandishi, tatizo huwa limeanza mbali zaidi: hakuna aliyeamua mapema hadithi itaishia wapi, na aliyekuja kuamua baadaye alikuwa anatazama fedha za matangazo.

Tamthilia ya siku tano kwa wiki huagizwa kwa mafungu. Fungu la wiki 13 ni sehemu 65, la wiki 26 ni sehemu 130. Nafasi ya nusu saa, ukitoa matangazo ya biashara, inabaki na dakika 22 hadi 24 za hadithi, yaani sini 12 hadi 15, sini ikiwa ni kipande cha hadithi kinachotokea mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo wiki 26 zinataka sini kama 1,700, na hazipigwi picha kwa mpangilio wa hadithi. Sebule ya bibi imekodiwa kwa siku, basi sini zote za sebule hiyo kwa sehemu kumi zinapigwa siku hiyohiyo: asubuhi bibi anacheka na mkwewe, mchana anamfukuza, jioni amejifunga kanga ya msiba wa mkwe huyohuyo.

Sasa kituo kinapiga simu: wadhamini wameongeza fedha, tunataka sehemu 65 zaidi. Wakati huo muswada wa mwisho umeshaandikwa na nusu yake imeshapigwa. Mwovu ameshakufa, msichana ameshamjua baba yake. Hapo ndipo pacha anapozaliwa. Mtazamaji anadhani mwandishi ameishiwa, kumbe mwigizaji wa yule mwovu ndiye anayependwa kuliko wote, mkataba wake umeongezwa wiki 13, na mhusika wake yuko kaburini. Njia za kumrudisha hazizidi tatu: pacha, maiti ambayo haikuonekana, au ndoto. Ukiona mojawapo, jua fungu limeongezwa kwa kuchelewa.

Hili halijaanzia kwetu. Jumong, ile tamthilia ya Korea Kusini iliyozunguka sana Tanzania kwa DVD, ilipangwa iwe na sehemu 60. Iliposhika chati kwao mwaka 2006, kituo cha MBC kiliivuta hadi 81. Sehemu 21 ni theluthi nzima iliyobandikwa juu ya hadithi iliyokwisha kupimwa. Wamarekani nao walikuwa na sababu yao ya kuvuta: kwa miaka mingi tamthilia iliyofikisha sehemu kama 100 ndiyo iliyouzika kwa vituo vingine kwa marudio ya kila siku, kwa kuwa 100 zinajaza wiki 20 za siku tano. Hadithi iliyokwisha kwenye sehemu ya 70 ililazimika kutembea hadi 100 kwa miguu ya kuazima. Na M*A*S*H, iliyohusu Vita vya Korea vya 1950 hadi 1953, ilidumu hewani misimu 11, toka 1972 hadi 1983. Vita vyenyewe viliwahi kuisha.

Mfano wa kutaja mwisho mapema ni Lost, tamthilia ya kituo cha ABC cha Marekani. Mwanzoni mwa 2007 ilikuwa msimu wa tatu, inapendwa, na waandishi hawana la kufanya ila kuzungusha. Februari ikarushwa sehemu ambayo kisa chake cha nyuma kilikuwa kueleza tatuu za mkononi mwa Jack, daktari ambaye ndiye stelingi. Hakuna aliyekuwa ameuliza habari za tatuu hizo. Damon Lindelof, mmoja wa waliokuwa wakiiongoza, amesema sehemu hiyo ndiyo iliyosaidia kuwashawishi wakubwa wa kituo kwamba bila tarehe ya mwisho hiki ndicho watakachopewa. Mei mwaka huohuo ikatangazwa: zimebaki sehemu 48, misimu mitatu ya sehemu 16, mwisho 2010. Mgomo wa waandishi wa Hollywood ulivuruga hesabu kidogo, lakini mwaka ulibaki uleule, na sehemu ya mwisho ilirushwa tarehe 23 Mei 2010. Wapo ambao hadi leo hawaupendi mwisho wenyewe. Hiyo ni haki yao. Ila kuanzia mwisho wa msimu wa tatu hadithi ilianza kuruka mbele na kuonyesha maisha ya baadaye, jambo ambalo mwandishi hathubutu kulifanya kama hajui anakoelekea.

Breaking Bad, nayo ya Marekani, ilifanya vivyo hivyo kwa fungu dogo zaidi: mwaka 2011 ilikubaliwa kwamba zitaongezwa sehemu 16 na basi, ingawa watazamaji walikuwa bado wanaongezeka. Katika sini ya kwanza kabisa ya fungu hilo Walter White, mhusika mkuu, anafungua buti la gari, na ndani mna bunduki ya rashasha aina ya M60. Vince Gilligan, aliyeibuni tamthilia hiyo, amekiri kwamba walipoiandika sini hiyo hawakujua bado bunduki itatumikaje. Lakini walijua ni lazima itumike ndani ya sehemu 16, na ilitumika katika ya kumi na sita. Kingekuwa kipindi kisicho na mwisho, bunduki hiyo ingekaa kwenye buti misimu miwili. Tazama pia walipoweka kishindo kikubwa: sehemu ya 14, siyo ya 16. Mbili zilizobaki zilikuwa za kuonyesha nani amelipa gharama gani.

Kutaja mwisho peke yake hakutoshi, hesabu lazima ikubali. Game of Thrones ilitaja mwisho wake mapema, na kituo chake, HBO, kilikuwa tayari kuongeza sehemu, lakini waongozaji wa hadithi walichagua misimu miwili mifupi ya sehemu 7 na 6 baada ya misimu sita ya sehemu 10. Nyuzi zilizokuwa wazi zilikuwa nyingi kuliko dakika zilizobaki. Safari zilizokuwa zikichukua msimu zikawa zinachukua sini moja, na malkia akabadilika kabla mtazamaji hajatayarishwa. Mwaka 2019 zaidi ya watu milioni moja waliweka majina kwenye ombi la kutaka msimu wa nane uandikwe upya. Kwa hiyo wanaosema ufupi ni ubora wakati wote nao watulie.

Hesabu yenyewe hufanywa hivi. Chukua karatasi, andika kila kitu ambacho mtazamaji ameahidiwa na bado hajakipata: nani mama halisi, hati ya shamba iko kwa nani, dereva aliyemwona muuaji atasema lini. Kila ahadi inahitaji sini tatu kubwa, moja ya kugundua, moja ya kukabiliana uso kwa uso, na moja ya kuonyesha kilichobadilika baada ya hapo. Hii ya tatu ndiyo inayorukwa sana, ndiyo maana miisho yetu mingi ni harusi tu. Sehemu ya nusu saa haibebi sini kubwa zaidi ya mbili, kwa sababu kila moja inakula dakika tatu au nne. Basi ahadi 12 ni sini 36, ambazo ni sehemu 18; ukiongeza za kupumua unapata 20 hadi 22, mwezi mmoja na siku kidogo. Ahadi zikiwa 30, unahitaji sehemu 45, yaani wiki tisa, na anayekupa nne anakuagiza uharibu.

Zinafungwa kwa mpangilio. Mapenzi ya vijana wa pembeni yamalizwe wiki ya nne kutoka mwisho, kesi na mali wiki ya tatu, siri ya uzazi wiki ya pili. Wiki ya mwisho ibaki na swali kuu peke yake, na lijibiwe Jumatano, siyo Ijumaa. Jibu likija dakika ya mwisho ya Ijumaa, mtazamaji anabaki na kishindo bila matokeo, na hapo ndipo simu zinapoanza za kuomba msimu mwingine.

Na utajuaje kwamba wakati umefika? Usingoje idadi ya watazamaji ishuke. Watu huendelea kufungua televisheni kwa mazoea miezi mingi baada ya hadithi kufa, kwa hiyo takwimu hufika mwisho wa msafara. The Walking Dead ilipofungua msimu wa tano Oktoba 2014 ilitazamwa Marekani na watu milioni 17.3. Iliendelea hadi Novemba 2022, sehemu 177, na usiku wa mwisho waliotazama moja kwa moja walikuwa milioni 2 na kitu. Kipimo ninachokiamini ni hiki: chukua sehemu kumi mfululizo, hesabu sini ambamo mhusika anamsimulia mwenzake jambo ambalo mtazamaji alishaliona kwa macho yake. Zikizidi robo, hadithi imesimama. Dalili nyingine ni utekaji nyara wa pili wa mtu yuleyule, mwovu aliyetubu kisha akaasi tena bila sababu mpya, na mhusika aliyeingia mwezi uliopita kuwa na sini nyingi kuliko stelingi.

Hoja ya ajira ni nzito na siidharau. Tamthilia ya kila siku inalisha wapiga picha, wapambaji, mafundi wa sauti, madereva na mama anayeleta chakula cha mchana. Lakini ajira hiyo inalindwa na nafasi ya saa ile kwenye ratiba. Jina la tamthilia si lazima liwe lilelile. Maria ya Citizen TV iliisha 2021 ikiwa bado gumzo nchini Kenya, na nafasi yake ikachukuliwa na Zora, kutoka kwa watayarishaji walewale. Kinyume chake ni Isidingo ya Afrika Kusini, iliyoanza 1998 ikaachwa hadi shirika la utangazaji la SABC lilipoikata Machi 2020, watazamaji na mapato vikiwa vimeshuka. Hapo kila mtu alirudi nyumbani kwa pamoja.

Wenye madishi Pwani wanazijua tamthilia za Kiarabu za mwezi wa Ramadhani: sehemu 30, moja kila usiku, Idi ikifika hadithi imekwisha. Nyingine hubaki zinapigwa hata mfungo ukiwa umeanza, na haraka hiyo huonekana, lakini hakuna mdhamini anayeweza kuuongeza mwezi.

Sisi hatuna mwezi wa kutufungia, kwa hiyo mkataba ufanye kazi hiyo. Kituo na mtayarishaji waandike idadi ya sehemu tangu siku ya kwanza, pamoja na kifungu kimoja: kama kuna nyongeza, itajwe angalau sehemu 40 kabla ya mwisho, yaani wiki nane. Wiki hizo siyo za kujidai. Mbili ni za kupanga upya hadithi, mbili za kuandika miswada, moja ya maandalizi ya mahali na mavazi, mbili za kupiga, moja ya kuhariri. Mikataba ya waigizaji wakuu nayo iishe siku moja na fungu, pasiwe na anayebaki na wiki 13 za mshahara huku mhusika wake amezikwa.

Tangazo kwa watazamaji litoke wiki hizohizo nane kabla, likiwa na tarehe na idadi ya sehemu zilizobaki. Lisiseme "mwisho wa msimu" ikiwa hakuna msimu mwingine ulioagizwa. Na trela ya tamthilia itakayorithi nafasi ianze kurushwa wiki mbili mapema, siyo katikati ya sehemu ya mwisho, ambapo mtu anafuta machozi na tayari anaonyeshwa harusi ya watu asiowajua.

Mwandishi wa miswada ya tamthilia,
Mombasa