Risala ya Kikundi cha Kujitolea Kutunza Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mikoko Duniani, Julai 26

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa Masheha na Maofisa wa Hifadhi,
Wazee wetu, walimu, wanafunzi na wageni waalikwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia uhai na uzima hata tukakutana hapa leo. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuitikia mwaliko wa kikundi ambacho hakina ofisi wala gari, na ambacho vikao vyake hufanyika chini ya mwembe baada ya sala ya alasiri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni wakulima, wavuvi, akina mama wasukaji ukili na vijana waliomaliza skuli kutoka shehia zinazopakana na Hifadhi hii, ambayo ina ukubwa wa kilomita za mraba 50, ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na ndiyo hifadhi ya taifa pekee hapa Zanzibar. Hatulipwi kwa kazi hii, wala hatujaja leo kuomba mishahara.

Wageni wengi huijua Jozani kwa sababu ya kima punju, mnyama wa asili ya Unguja asiyepatikana popote nje ya Zanzibar. Wazee wetu walimwita punju, yaani sumu, kwa kuamini kuwa mti anaoushambulia hufa, na kwa miaka mingi alifukuzwa mashambani kama adui. Leo watoto wa wazee hao hao ndio wanaosimama kando ya barabara asubuhi, wakiwapungia mkono madereva wapunguze mwendo pale makundi ya kima yanapovuka. Matuta yaliyojengwa katika barabara hiyo yamepunguza vifo lakini hayakuvimaliza, na kila aliyewahi kumwona mama kima akirudi barabarani kumtafuta mwanawe hahitaji kuhutubiwa. Sensa iliyochapishwa mwaka 2017 ilikadiria kuwa kima hawa ni zaidi ya 5,800, idadi iliyozidi sana makadirio ya awali. Habari hiyo ilitufurahisha mno, ingawa mkulima ambaye nazi zake changa zimeliwa na kima, yeye pia ana haki ya kusikilizwa, na tumekuwa tukimsindikiza kupeleka malalamiko yake Hifadhini badala ya kumwacha achukue panga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jambo lililotufanya tukuite siku ya leo liko upande mwingine wa Hifadhi, upande wa tope. Mikoko ya ghuba ndiyo kitalu cha tasi, kamba na kaa tunaowauza na kuwala. Mikoko hiyo imekatwa kwa ajili ya boriti, kuni, mkaa na matanuri ya chokaa, na mahali pengine imebaki visiki vinavyoonekana maji yakipwa kama meno yaliyovunjika. Kwa hiyo tulipanda, na hapo ndipo tulipojifunza kwa gharama kubwa.

Upandaji wetu wa kwanza ulifanyika kwa sherehe. Walikuja wageni wengi, tukapanda mbegu za mkoko mistari kwa mistari kwenye ufuo ulio wazi, picha zikapigwa, tukala pilau, kila mtu akarudi kwake. Bamvu tatu, yaani vipindi vitatu vya maji makuu, zilipopita, hapakuwa na mstari hata mmoja uliosimama. Hakuna aliyeiba wala aliyekata. Tulikuwa tumepanda mti usio wa pale. Mikoko ni ya aina nyingi, na upande unaopigwa na mawimbi ni makazi ya aina iitwayo mlilana. Mkoko wenyewe, aina tuliyoipanda, hutaka tope laini la katikati, penye vijito. Mkandaa hukaa juu zaidi kuelekea nchi kavu, na mchu huvumilia chumvi kuliko wote. Mvuvi mzee aliyekuwa akitutazama siku ile alikuwa akiyajua hayo yote. Hatukumuuliza. Leo yeye ndiye anayetuonyesha pa kupanda, na hatuchomeki mbegu hata moja kabla hajakanyaga tope na kukubali.

Tunaomba uelewe, Mheshimiwa, kwamba kupanda ni kazi ya asubuhi moja, lakini kulea ni kazi ya miaka. Mbegu ya mkoko ni ndefu kama fimbo fupi, kijani, na huchomekwa upande wake uliochongoka hadi theluthi moja izame. Ikishatoa majani mawili ya kwanza huanza vita. Kaa huitafuna shina usiku. Mwani unaoletwa na maji huuzonga mche hadi ukalala kifudifudi, na usipoondolewa kabla ya bamvu nyingine, hauamki tena. Baadaye hujigandisha kwenye mche viumbe vidogo vya baharini vyenye gamba gumu kama vikombe, ambavyo huongeza uzito na kuukunja. Hivi huparuliwa kwa mkono, taratibu, kwa ukucha au kwa kijiti, maana kisu huondoa na gome la mche. Mwenzetu mmoja, mama mwenye wajukuu, hukaa katika tope hilo kuanzia maji yanapoanza kupwa hadi yanaporudi, akitoka mche hadi mche, na tumemkuta akizungumza nayo kama mtu azungumzavyo na watoto anaowaogesha.

Kwa sababu hiyo, changamoto zetu si nyingi lakini ni nzito. Mabuti tuliyonayo ni machache na hupokezana watu. Kitalu chetu hakina uzio, hivyo mbuzi huingia. Hatuna chombo cha kutufikisha upande wa pili wa kijito maji yanapojaa. Zaidi ya yote, misaada inayotufikia karibu yote huja ikiwa ya kupanda: miche, fulana, bango na chakula cha siku moja. Haijapata kutokea mfadhili akatuuliza miche ya mwaka juzi iko wapi.

Tunakuomba basi, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utusaidie kupata mabuti, glavu, uzio wa kitalu na ngalawa moja. Na tunakuomba, kwa uzito mkubwa zaidi, uzishawishi taasisi unazokutana nazo zitenge fungu la malezi kwa angalau miaka mitatu kwa kila mche unaopandwa, na zituulize idadi ya iliyo hai kabla ya kutuletea mingine. Tuko tayari kuhesabiwa. Tuko tayari pia kuambiwa tumeshindwa, pale tutakapokuwa tumeshindwa.

Ratiba iliyochapishwa inasema kuwa baada ya risala hii utapanda mche wa kumbukumbu. Kwa heshima na taadhima, wanachama wameomba ratiba hiyo ibadilishwe. Maji yatakuwa yamekupwa vya kutosha muda mfupi ujao, na iko mistari miwili ya mikoko iliyopandwa mwaka jana ambayo mwani wa bamvu iliyopita umeilaza. Tunakuomba ushuke nasi uinyanyue. Tope linafika magotini, na mabuti ya saizi yako tumeyaweka hapo mlangoni.

Tunaomba kuwasilisha.