Barua kwa Mjomba: mpira wa Wayahudi hapa Berlin

Berlin, 8 Agosti 2015

Mjomba, shikamoo.

Mimi mzima, hofu ni kwenu. Habari za Kombe la Kagame zimenifikia: Azam kawatoa Yanga kwa penalti, halafu kampiga Gor Mahia mbili bila na kubeba kombe. Pole sana. Nadhani hapo barazani wiki hii mnaongelea uchaguzi tu.

Siku ile simu ilikatika ukiwa unaniuliza hiyo michezo ya Wayahudi niliyopata kibarua ni kitu gani, na kama kuna mpira wa maana. Sasa nakujibu kwa utulivu.

Ile mikubwa yao inaitwa Maccabiah, huchezwa Israel kila baada ya miaka minne, na ya kwanza ilifanyika Tel Aviv mwaka 1932. Hii iliyokwisha juzi ni ya Ulaya, mdogo wake, na kabla ya mwaka huu ilikuwa haijawahi kuchezwa Ujerumani hata mara moja. Wamekuja wanamichezo zaidi ya 2,000. Rais wa Ujerumani, Gauck, mwenyewe alikuja kuifungua. Na unajua wamechezea wapi? Olympiapark, eneo la michezo lililo ubavuni mwa uwanja uleule Barcelona walipomfunga Juventus tatu kwa moja mwezi wa sita, ule ule Zidane alipompiga mtu kichwa mwaka 2006. Sasa uwanja huo ulijengwa kwa Olimpiki ya 1936, Olimpiki ya Hitler. Wajerumani wakati ule walikuwa na binti Myahudi, Gretel Bergmann, aliyeruka juu mita 1.60 na kuifikia rekodi ya taifa, kisha wakamwandikia barua kwamba kiwango chake hakitoshi kwenda Olimpiki hiyo. Mwaka huu wa 2015 bado yu hai, yuko New York, ana umri wa miaka 101.

Kazi yangu ilikuwa jikoni, kwenye hoteli walikofikia huko Neukölln. Nguruwe haingii, hilo tumezoea, lakini wenzetu wamezidi: nyama na maziwa havikutani hata kwenye sufuria, na yuko msimamizi wao wa dini anayewasha moto kwa mkono wake. Mpishi mkuu, Mjerumani mwenye hasira zake, kila alipolazimika kumwomba huyo ruhusa ya kuwasha jiko alikunja uso kama mtu aliyeng'atwa na siafu. Ijumaa jua likizama hakuna mechi mpaka Jumamosi usiku, na Ijumaa hiyo tulipakua chakula cha watu zaidi ya elfu mbili ukumbi mmoja. Miguu yangu inakumbuka.

Nikipata nafasi nakimbilia mpirani. Kuingia ni kazi: polisi wenye bunduki, vyuma vya kukagua, begi linafunguliwa mpaka kopo la chakula. Nikachungulia mechi moja ya wanaume. Nikwambie ukweli, Mjomba, kwa mpira wenyewe usingekaa dakika tisini. Wengi si wachezaji wa kulipwa. Ni wanafunzi, mawakili, watu wa benki, wamejilipia nauli. Beki mmoja alikuwa na kitambi cha haja. Lakini kulikuwa na winga wa kushoto, mwembamba, soksi zimeshuka mpaka kwenye vifundo, aliyemlisha beki huyo tobo mara mbili mbele ya benchi la kocha wake. Mara ya pili beki akakaa chini kabisa, akacheka, winga akarudi kumnyanyua huku mpira unaendelea. Refa akawaachia. Ningekuletea huyo winga Jangwani, kwa Yanga, ila nimeambiwa anasomea udaktari wa meno.

Kilichonishika ni hadithi niliyopewa na mzee mmoja Mjerumani aliyekaa karibu yangu. Timu ya taifa ya Ujerumani imewahi kuwa na Wayahudi wawili, Gottfried Fuchs na Julius Hirsch, wote washambuliaji wa Karlsruhe. Olimpiki ya Stockholm, 1912, Ujerumani ikaifunga Urusi 16 bila. Fuchs peke yake alifunga kumi! Hakuna Mjerumani aliyeifikia rekodi hiyo mpaka leo, si Müller wala Klose. Hirsch naye mwaka huohuo aliwatia Waholanzi manne katika mechi iliyoisha tano kwa tano. Halafu ikaja vita ya kwanza, Hirsch akaipigania Ujerumani miaka minne, akapewa nishani.

Mwaka 1933 akasoma gazetini kwamba vilabu vya kusini vinawaondoa Wayahudi. Hakungoja kufukuzwa, akaandika barua ya kujitoa kwenye klabu yake. Fuchs alikimbilia Kanada akafia huko. Hirsch alibaki. Machi 1943 walimpakia kwenye treni ya kwenda Auschwitz, hakurudi. Sasa uwanja wanaochezea Makkabi, klabu ya Wayahudi hapa Berlin, una jina lake, na shirikisho la mpira linatoa tuzo kwa jina lake tangu 2005. Wamechelewa, nasema mimi. Mzee yule akasema afadhali kuchelewa, tukabishana kidogo, Kijerumani changu kikaniishia nikamwachia.

Kwa hiyo ukiniuliza kama kuna mpira wa maana, nakujibu: mabao mengine yalikuwa ya bahati mbaya ya kipa, lakini mtu anavaa jezi yenye nyota ya Daudi, anapiga krosi mahali pale, na anayemlinda ni polisi wa Kijerumani. Mimi nilisimama mpaka filimbi ya mwisho, na kazini nikafika nimechelewa.

Nimemtumia Mama Mwanaidi hela kidogo kwenye simu, nusu ya bati la jikoni, nusu dawa za Bibi. Asimpe Rajabu hata senti, mwambie nimesema mimi. Msimu ukianza niandikie Yanga wamesajili nani.

Ni mimi mpwa wako,
Salimu