Barua ya Wazi kwa Wazazi Mliotengana

Wanangu,

Nawaandikia nyote mliotengana, mliofunga ndoa na mliozaa bila ndoa, kwa kuwa katika baraza la usuluhishi la kata husikia maneno yaleyale. Baba husema, "Simwoni mwanangu, kwa hiyo sitoi hela." Mama naye hujibu, "Hatoi hela, kwa hiyo hamwoni." Kila mmoja hudhani amemkomoa mwenzake, ilhali anayelala bila daftari la shule, au anayesubiri getini Jumamosi nzima akiwa amevaa viatu vyake vizuri, ni mtoto.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 haikuyafanya matunzo kuwa kiingilio cha kumwona mtoto. Chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu ni haki yake, na kumjua na kutembelewa na mzazi asiyeishi naye ni haki yake nyingine. Mmoja akikosea, mwenzake aende kwa ofisa ustawi wa jamii au mahakamani, asijilipie kwa kumtumia mtoto.

Kwenu akina baba: ikipanga kiwango cha matunzo, mahakama hutazama kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine mnaowatunza na gharama za maisha ya mahali mtoto anapoishi. Zamani mtoto wa nje ya ndoa aliwekewa kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, aibu ambayo sheria hiyo ya 2009 iliifuta, lakini wapo wanaotoa kana kwamba kikomo hicho kingalipo. Ukihofu kwamba hela italiwa na mama, lipa ada shuleni moja kwa moja, na nyingine itume kwa simu ili ujumbe wa muamala ubaki. Ukipoteza kazi, rudi mahakamani uombe kiwango kibadilishwe kabla deni halijalimbikizana. Kuzima simu si utetezi.

Kwenu akina mama: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huchukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Dhana hiyo haimfuti baba. Kama ni mlevi au mpigaji, yaelezeni hayo mahakamani, ili amwone mtoto mbele ya mtu mwingine. Kama kosa lake ni kuoa tena tu, mwandalieni mtoto begi lake Ijumaa, na shangazi zake waache kumwita baba huyo "yule" mbele ya mtoto.