Kwa Mjomba, Kabla Hujafunika Kinanda

Mjomba,

Mama ameniambia umemrudishia mwenyekiti wa kwaya funguo za kinanda, eti vidole vimezeeka, watafute mwingine. Ualimu uliuacha kwa sababu miaka 60 ikifika serikali haimbembelezi mtu. Lakini chama cha majirani, shamba la Bahati na sasa kinanda? Unajistaafisha kipande kwa kipande, na barua za kustaafu huko hakuna aliyekuandikia.

Najua baridi yabisi ipo. Asubuhi za Lanet nimekuona ukipasha vidole kwa kikombe cha chai kabla ya kufunga vifungo vya shati. Sikuandikii kukwambia wewe bado kijana. Uongo huo waachie wauza dawa za barabarani.

Ila kuna mpiga piano, Arthur Rubinstein, aliyekuwa jukwaani London mwaka 1976 akiwa na miaka 89. Wanasaikolojia wa Ujerumani, Paul na Margret Baltes, walipenda kumtolea mfano. Uzeeni alipunguza idadi ya vipande, hivyo vichache akavifanyia mazoezi zaidi, na kabla ya sehemu yenye mbio alikuwa akipunguza mwendo makusudi, ili mbio zikija zisikike kali kuliko zilivyo. Ujanja mtupu! Kwa akina Baltes, kuzeeka vizuri ndiko huko: kuchagua, kunoa ulichokichagua, na kuziba pengo kwa mbinu nyingine.

Na hilo neno lako, "uzee umenishika", unalolitupia kila kitu hadi miwani ikipotea, lipunguze. Mwaka 2002 Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walichapisha matokeo ya watu 660 wa mji mmoja wa Ohio, Marekani, wenye miaka 50 na zaidi. Waliouona uzee wao kwa jicho zuri waliishi takriban miaka 7.5 zaidi ya wenzao, hata afya zao za mwanzo zilipozingatiwa. Sisemi maneno yanatibu viungo. Lakini aliyekwisha kujihesabu marehemu, mazoezi atayafanyia nini?

Jumamosi niko Nakuru. Nimemwomba mwenyekiti azishike funguo, asimpe mtu. Nyimbo mbili za taratibu zitakutosha, uzichague mwenyewe. Ule wa Pasaka wenye mbio mpe yule kijana wa besi. Anaujua hadi ubeti wa pili tu, na mkono wake wa kushoto unahitaji mwalimu mkali.