Picha ya marehemu baba yao iko stoo

Dada, salaam. Majogoo yanawika na mimi sijapata hata lepe la usingizi. Picha niliyomchora marehemu baba yao nimeikuta stoo kwa mwanangu, nyuma ya gunia la mkaa, uso umegeuziwa ukutani. Uso, dada.

Mimi si mchoraji wa kusomea na sijawahi kumwambia mtu kuwa ni mchoraji. Nilistaafu unesi, mwenzangu akafariki, nyumba ikanielemea. Kijana jirani anayewauzia watalii picha za tingatinga ndiye aliyenionyesha namna ya kuchanganya rangi na thina na kupaka kwenye hadibodi, nikaona mikono inatulia. Mbona Mzee Tingatinga mwenyewe, aliyeanzisha uchoraji huo, hakusomea? Alitoka Tunduru, akahangaika na vibarua, mwaka 1968 akaanza na hizohizo rangi za baiskeli. Alifariki 1972 na mpaka leo watu wanakula kwa jina lake. Sijifananishi naye. Nasema tu kuchora hakuhitaji kibali cha watoto.

Siku wanahamia nyumba mpya niliipeleka nimeifunga kwenye kanga. Kuifungua, sebule nzima kimya. Mkwe wangu akasema, "Jamani mama umejitahidi," akaanza kupiga makofi peke yake. Mjukuu akauliza yule ni nani. Mwanangu akakimbilia kugawa soda. Binti yangu wa mwisho akanifuata jikoni: "Mama, si tungepeleka tu picha ya baba studio wakaikuza?" Mkwe simlaumu, ana heshima zake. Lakini ukutani ametundika maporomoko ya maji, yale ya kuwaka taa ya Kariakoo, na baba wa mume wake yuko na mkaa.

Wanasema hafanani. Wao wanamtaka wa kwenye kitambulisho, kanyoa, kabana mdomo. Mimi nimemchora yule niliyekuwa nikimwogesha miezi ya mwisho, mashavu yameingia ndani, sikio la kushoto limejikunja kwa juu kama lilivyokuwa. Lile sikio nimelipata barabara. Hakuna hata mmoja aliyeliangalia.

Sitaki itundikwe kwa kunionea huruma. Wakiitundika kwa sababu nimelalamika, nitaishusha mwenyewe. Ila siwezi tena kukaa pale sebuleni nikanywa chai huku najua iko wapi. Nimeapa sishiki brashi maisha yangu, ingawa jana nilimwagiza yule kijana hadibodi nyingine, kubwa zaidi.

Sasa mwezi ujao kuna misa ya kumbukumbu, na chakula kitakuwa hapohapo kwa mwanangu. Shemeji zangu wanatoka Songea. Wameshasikia nimemchora kaka yao, wakaniuliza kwenye simu watamwona wapi, nikawajibu yuko sebuleni. Je, niongee na mwanangu kabla hawajafika, au nianze na mkwe kimya kimya? Au niende nikaichukue niitundike kwangu, na shemeji wakiuliza niwaambie nini? Tafadhali usiniambie niwaelewe watoto, nimewaelewa tangu wanazaliwa. Nijibu mapema, dada, maana mkwe ameshaanza kupiga simu kuuliza idadi ya wageni.