Usiloweke pistoni kabla hujaigusisha sumaku

Juzi dada mmoja wa hapa Mwanga, Kigoma, katuletea pistoni ya injini ya boti ya marehemu baba yake, anataka tumtengenezee taa ya mezani, wazo zuri sana, ila alipofungua kile kitenge roho iliniuma. Pistoni nyeusi tii, ina vishimo vishimo, na ile alama ya mshale na namba ya saizi pale juu hazisomeki tena. Kumbe jirani alimwambia ailoweke usiku kucha kwenye kostiki soda, ile ile ya kutengenezea sabuni ya mawese. Taa tumemtengenezea, lakini ile sura aliyoizoea mikononi mwa baba yake haitarudi, na ndo maana naandika, yasije yakamkuta mwingine.

Pistoni za hizi injini ndogo, za boti au za bodaboda, ni alumini. Kostiki inakula alumini, inachemka pale pale na kutoa gesi ya haidrojeni ambayo inashika moto, sasa fikiria upo uani na jiko la mkaa linawaka pembeni. Kwa hiyo kabla ya yote tafuta sumaku, hata ya spika mbovu. Ikinasa ni chuma, gia na krenki nyingi zitanasa, isiponasa we chukulia ni alumini au shaba na uiogope kostiki kabisa.

Grisi haihitaji dawa kali. Ile nene kwangua na kijiti, afu loweka kwenye mafuta ya taa au dizeli siku nzima, nje, mbali na moto, kopo lifunikwe watoto wasifikie, kesho yake vaa glavu sugua na mswaki wa zamani. Petroli hapana jamani, mvuke wake unatambaa chini mpaka unakutana na moto wa jirani. Ukimaliza osha na sabuni ya maji na maji ya moto. Ule mkaa mgumu juu ya pistoni utoe taratibu na kipande cha mwanzi, stilwaya inaacha mikwaruzo ambayo taa ikiwashwa inaonekana yote.

Chuma chenye kutu loweka kwenye siki usiku mmoja, suuza na maji yenye baking soda kidogo, afu kausha hapo hapo maana ukikiacha kibichi kinaota kutu ya rangi ya chungwa hata kabla hujamaliza chai. Siki usiichanganye na Jik hata kidogo, inatoa gesi ya sumu. Na sahani za klachi, viatu vya breki na gasketi za magari ya zamani msizipige msasa nyumbani, nyingine zina asbesto na vumbi lake linaharibu mapafu.

Kitu ambacho wengi wanasahau ni kwamba ile grisi uliyoitoa ndo ilikuwa inalinda chuma. Meli yetu hii ya Liemba, Wajerumani walipoizamisha Ziwa Tanganyika mwaka 1916 walizipaka injini zake grisi nzito kwanza, Waingereza wakaja kuiibua 1924 na mwaka 1927 ikarudi kazini na injini zile zile za mvuke. Kwa hiyo chuma kikishakauka usikiache uchi, paka mafuta ya cherehani au puliza vanishi isiyo na rangi, hasa masika haya.

Mafuta machafu msimwage mtaroni, yanaishia ziwani tunakovua dagaa, tia kwenye galoni utuletee.

Na kama una kifaa cha mzee wako hujui ni madini gani, lete kikiwa kichafu hivyo hivyo, tutakipima mbele yako na hiyo hatutozi hela.